Nyundo na Cheti: Habari za Ufundi na Usomi katika Mkoa wa Singida

Katika sharika nyingi za Mkoa wa Singida limerudi swali ambalo wazee wetu walidhani lilikwisha kujibiwa. Mzazi ana ng'ombe wachache zizini na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Akiwapeleka ng'ombe hao mnadani, fedha itakayopatikana itatosha njia moja tu. Je, kijana aendelee na kidato cha tano, ili Mungu akipenda afike chuo kikuu? Au apelekwe chuo cha ufundi stadi, ajifunze kuchomelea vyuma, useremala, uashi au umeme wa majumbani? Mchungaji huombwa shauri, naye mara nyingi hujibu upesi, maana yeye mwenyewe alipanda kwa ngazi ya vyeti na ndiyo anayoijua.

Hatuandiki makala hii ili kumjibia mzazi huyo. Nia yetu ni kueleza jinsi swali lenyewe lilivyozaliwa. Husemwa mara kwa mara, mimbarani na katika mikutano ya hadhara, kwamba vijana na wazazi wao hupenda kazi za ofisini kwa sababu wanaidharau kazi ya mikono, na kwamba dawa yake ni kuhubiri heshima ya kazi. Hatukubaliani na maneno hayo. Tukiifuata historia ya Singida hatua kwa hatua tunaona kwamba watu hawakudharau, walihesabu. Na tarakimu walizozihesabu hawakuziandika wao. Ziliandikwa na serikali ya kikoloni, na misioni, na serikali huru, na Kanisa letu pia, kwa kalamu ya ruzuku na mishahara.

Kabla ya cheti

Lugha ya Kiswahili inatutolea ushahidi wa kwanza. Fundi, kufunda, kufundisha, fundisho, mafunzo, mwanafunzi: maneno haya yote yana shina moja. Anayetengeneza mlango ni fundi, na anayeketi darasani ni mwanafunzi. Hata mtunzi wa mashairi aliyebobea huitwa fundi na wenzake. Lugha haikujua ukuta kati ya ubingwa wa mkono na ubingwa wa akili. Ukuta huo ulijengwa baadaye, nasi twaweza kutaja miaka ambayo baadhi ya matofali yake yaliwekwa.

Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu waliishi kwa kulima mtama na uwele na kwa kufuga. Tembe, yaani nyumba ya paa bapa la udongo, haikuwa kazi ya mtu asiyejua: nguzo zilichaguliwa katika miti isiyoliwa upesi na mchwa, na udongo wa paa uliwekwa kwa namna ambayo mvua kubwa haikupenya. Majembe mengi ya chuma yaliyotumika katika nchi za kati yalitoka Uzinza, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako Warongo walikuwa wayeyushaji na wahunzi mashuhuri. Jembe lilikuwa chombo cha kazi na pia akiba ya nyumba, na aliyejua kulifua hakuhitaji mtu wa kumhubiria juu ya heshima ya kazi yake.

Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu karibu na mwaka 1960 na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, aliwapinga waliodai kwamba mfugaji wa Afrika hupenda ng'ombe kwa mapenzi tu. Alionyesha kwamba Mnyaturu aligeuza nafaka kuwa mifugo, na mifugo kuwa nafaka, akipima faida na hatari kama afanyavyo mfanyabiashara yeyote. Msomaji na alishike jambo hilo, maana mtu aliyezoea kupima hivyo kati ya debe la mtama na mtamba mmoja hakuiacha hesabu yake mlangoni alipoingia kumwandikisha mtoto shule.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikwisha kufungua mgodi wa dhahabu Sekenke, huko Iramba. Mwaka 1916, walipozingirwa na kukosa fedha kutoka kwao, walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 mjini Tabora, yenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima kwa bei kubwa. Walioichimba dhahabu hiyo hawatajwi katika maelezo yanayoambatana nazo mnadani.

Misioni na ruzuku

Wamisionari wa Leipzig walifika Iramba miaka michache kabla ya vita hiyo, wakaweka kituo Ruruma. Vita ikawaondoa. Katika miaka ya 1920 kazi ilichukuliwa na Sinodi ya Augustana, yaani Walutheri wa Marekani wenye asili ya Kiswidi, nao wakaipanua: Kinampanda, Kiomboi, Iambi na kwingineko. Katika miaka ya mwanzo kituo cha misioni kilihitaji waashi na maseremala kama kilivyohitaji waalimu. Kanisa, shule, zahanati, nyumba ya mmisionari, madawati, milango na majeneza, vyote vilisubiri mikono. Vijana waliojifunza kufyatua na kuchoma matofali, kupiga randa na kuezeka bati, walijifunza hapo kituoni kwa kutazama na kushika.

Mwaka 1924 ilipita Afrika ya Mashariki tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast. Taarifa yao ilitoka mwaka 1925. Ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi na utunzaji wa nyumba. Mfano wao ulikuwa shule za Hampton na Tuskegee kusini mwa Marekani, ambako Booker T. Washington alikuwa amewafundisha vijana weusi kujenga kwa mikono yao hata madarasa waliyosomea.

Hapo inafaa tusimame kidogo, kwa sababu mabishano yetu ya leo ni mjukuu wa mabishano yale. Washington, katika hotuba yake ya Atlanta mwaka 1895, aliwaambia watu wake waanze na ufundi na kilimo, na haki za siasa zingefuata. W. E. B. Du Bois alimjibu mwaka 1903 kwamba watu wasio na wasomi wao wenyewe watatawaliwa daima na wasomi wa wengine. Wote wawili walikuwa na hoja. Washington aliona kwamba shahada haimlishi mtu ambaye hakuna atakayemwajiri. Du Bois aliona kwamba anayekugawia nyundo huku akijiwekea kalamu si lazima awe rafiki yako. Waafrika wengi walipousikia ushauri wa Tume walikuwa na shaka ileile ya Du Bois, hata wale ambao hawakupata kulisikia jina lake. Miaka michache baadaye Wakikuyu wa Kenya walianzisha shule zao za kujitegemea, na miongoni mwa madai yao lilikuwa Kiingereza na masomo kamili ya darasani.

Serikali ya Tanganyika iliupokea ushauri wa Tume kwa maneno mema. Lakini maneno ya taarifa ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misioni, na ruzuku hiyo ilifuata shule iliyosajiliwa, mtaala uliokubaliwa na mwalimu aliyekuwa na cheti. Shule ndogo za vichakani, ambako mwinjilisti alifundisha kusoma Katekisimo, hazikupata kitu. Seremala wa kituoni, hata angekuwa stadi kiasi gani, hakuiletea misioni shilingi moja kwa ustadi wake. Mwalimu mwenye cheti aliileta. Hivyo misioni zilifanya ambalo lolote katika nafasi yao lingefanya: ziliweka nguvu katika mafunzo ya waalimu. Huku kwetu kazi hiyo ilikuwa Kinampanda, na kila mtu wa Iramba anajua jina hilo lilivyobeba uzito.

Hatusemi hili kwa kulaumu. Kinampanda ilizaa waalimu ambao bila wao kusingekuwa na Kanisa tunalolijua. Wachungaji wazalendo walitoka miongoni mwa waalimu na wainjilisti, na baada ya Makumira kufunguliwa mwaka 1954 kila hatua ya kupanda ilidai cheti cha hatua iliyotangulia. Kwa wasichana njia ya vyeti ilikuwa na maana kubwa zaidi. Useremala na uashi vilihesabiwa kuwa kazi za wanaume, na msichana aliyetaka fedha yake mwenyewe hakuwa na mlango mwingine ila ualimu na uuguzi. Yeyote anayewasifu mafundi wa zamani akisahau jambo hili anasimulia nusu ya habari. Tunachosema ni kwamba mzazi aliyesimama nje akitazama aliona jambo lililo wazi: watu wawili walifunzwa na misioni ileile, mmoja alilipwa kazi ilipokuwapo, na mwingine alilipwa kila mwezi, akaitwa kwenye vikao. Mzazi akapima kama alivyopima mtama na mtamba.

Majaribio ya kurudisha jembe darasani

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu tena. Shule za kati, za darasa la tano hadi la nane, ziliwekewa shamba, mifugo na kazi za mikono kama sehemu ya masomo. Wazazi walinung'unika. Mtoto ametolewa nyumbani kwa gharama, akaambiwa ashike jembe lilelile aliloliacha nyumbani. Na mwisho wa yote mtihani wa kuingia sekondari haukumuuliza habari za jembe. Kabla ya Uhuru mpango huo ulikwisha kufifia. Shule za ufundi hasa zilikuwa chache mno: Ifunda, iliyoanzishwa mwaka 1951 mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, na Moshi, mwaka 1957. Kijana wa Singida aliyetaka kuwa fundi wa mitambo alisafiri mbali sana na kwao. Baada ya Uhuru zote mbili ziligeuzwa kuwa shule za sekondari, zikiwa bado na masomo ya ufundi, lakini zikitazama juu, kuelekea vyuo.

Wala haikuwa ajabu. Mwaka 1961 nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba mwaka huo, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, wanafunzi wake hawakufika ishirini. Mpango wa Maendeleo wa 1964 hadi 1969 ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980, na kwa hiyo fedha zilielekezwa sekondari na elimu ya juu. Hoja ya Du Bois ilikuwa imeshinda, na wakati ule ilistahili kushinda.

Ndipo likatokea jambo la tarehe 22 Oktoba 1966, ambalo kwa maoni yetu lafundisha juu ya swali hili kuliko maandiko mengi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kero yao kubwa ilikuwa mshahara: wahitimu walitakiwa kutumikia kwa muda wakipokea asilimia 40 tu ya malipo yao ya kawaida. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba kosa halikuwa la vijana peke yao, maana mishahara ya wakubwa, pamoja na wake yeye, ilikuwa mikubwa kupita kiasi kwa nchi ya wakulima. Akaupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea.

Andiko hilo husomwa sana, na tukio lililolitangulia husahauliwa. Elimu ya Kujitegemea ilisema kweli kwamba shule ya msingi isiwe chumba cha kusubiri sekondari, maana zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliomaliza hawakupata nafasi huko. Iliagiza mashamba na karakana shuleni. Shule za Singida zililima, na wengi wetu tuna makovu ya majembe hayo. Lakini tendo la Oktoba, yaani kuushika mshahara wenyewe, lilikuwa limeligusa jambo mahali lilipouma. Shamba la shule liliendelea. Pengo la malipo kati ya mwenye kalamu na mwenye nyundo halikuzibwa hata kidogo na shamba hilo.

Kwa bahati, mwaka 1965 msomi mmoja, Philip Foster, alikuwa ameandika juu ya Ghana maneno yanayoihusu Iramba na Unyaturu kana kwamba alikuwa amekaa Kiomboi. Alisema kwamba vijana wa Ghana hawakuzikimbia shule za ufundi kwa ujinga wala kwa majivuno. Walijua kwa usahihi ni kazi zipi zililipa, na mtaala wa shule hauwezi kubadili yale ambayo soko la ajira linayasema. Shule ya darasani, alisema, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya ufundi yenye faida kuliko zote, kwani ilimfunza mtu kazi zilizolipa vizuri.

Baada ya shule za misioni kutwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969, Kanisa lilibaki na nafasi ndogo ya kusema. Katikati ya miaka ya 1970 vilianzishwa vituo vya ufundi katika baadhi ya shule za msingi, ili waliomaliza darasa la saba wajifunze uashi na useremala. Vingi vilikufa kwa kukosa vifaa. Kuanzia mwaka 1975 vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano ulioletwa kutoka Uswidi, navyo vilidumu. Kimoja kiko mjini Singida, kingine Msingi, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mkalama. (Yafurahisha kidogo kuona kwamba wana wa Waswidi walituletea Kinampanda na Waswidi wenyewe wakatuletea chuo cha wananchi.) Vyuo hivi vimewasaidia wengi ambao hatuwezi kuwataja. Lakini havikuwa na ngazi ya kupandia. Aliyetoka humo alikuwa amefika mwisho, na jirani yake aliyefeli kidogo tu kuliko yeye kufaulu bado angeweza kuitwa ualimu.

Alizeti

Miaka ya 1980 na 1990 ilivuruga hesabu ya zamani. Baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, serikali ilipunguza wafanyakazi, na katika miaka ya 1990 iliacha desturi ya kumpangia kazi kila mhitimu. Cheti kilibaki kile kile, lakini mlango kilichoufungua ulianza kufungwa. Na wakati huohuo Singida ilipata mfano wake wenyewe wa ufundi unaolipa.

Katikati ya miaka ya 1980, huko Arusha, Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ndogo ya mkono ya kukamulia mbegu za alizeti. Uzuri wake haukuwa katika ukamuaji tu. Iliweza kutengenezwa katika karakana za hapa nchini, na fundi wa kawaida aliweza kuirekebisha. Baadaye zikaja mashine za injini na za umeme, na leo asafiriye kuingia Singida huyaona mafuta ya alizeti yamepangwa katika chupa na madumu kando ya barabara. Nyuma ya kila dumu yupo mkulima, yupo mwenye mashine, na yupo fundi. Mashine ya kukamua ikiharibika wakati wa msimu, mbegu zinalala. Anayejua kuchonga kipuri kilichokwisha, kujaza chuma kilicholika, au kuifunga mota upya, hangoji tangazo la kazi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lilikuwa limefanya kazi kwa miaka mingi bila kusifiwa sana. Hapa faida ya kazi ya namna yake ilionekana.

Tusitie chumvi. Mafundi wengi ni maskini. Kazi yao ni ya msimu, hawana pensheni wala bima, wateja huchelewa kulipa, na wao wenyewe wamejipatia sifa ya kuahidi kesho isiyofika. Fundi wa mashine ya alizeti hufaulu kwa sababu kuna alizeti. Mahali pasipo na zao wala mtaji, nyundo peke yake haimlishi mtu. Na tunapougua hatumwiti mchomeleaji. Hospitali ya Iambi inahitaji madaktari, na madaktari hutoka vyuo vikuu.

Lakini tazameni fedha ya umma ilikwenda wapi. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA. Mwaka 2005 ilianza kazi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kwa muda mrefu mkopo ulimfuata kijana aendaye chuo kikuu, si yule aendaye karakana. Ni kuanzia mwaka 2023 tu ndipo baadhi ya wanafunzi wa stashahada walipoanza kufikiriwa. Mzazi wa Ikungi anayepima leo anakuta kwamba njia ya shahada, ambayo ni ndefu na yenye gharama zaidi, inaweza kukopeshwa, na njia ya ufundi, iliyo fupi, inadai ng'ombe wake papo hapo. Tunaitambua hesabu hiyo. Ni ruzuku ya 1927 iliyovaa nguo mpya.

Sasa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, nao ulianza kufundishwa mwaka 2024 katika baadhi ya shule. Tunautakia heri. Swali tutakalouuliza ni lile ambalo wazazi wa shule za kati waliuliza katika miaka ya 1950: je, mtihani, mkopo na mshahara vitamuuliza kijana habari za amali yake?

Kwa Walutheri

Baadhi yetu hupenda kumtaja Luther kana kwamba alikuwa upande wa mafundi, kwa kuwa alifundisha mwaka 1520 kwamba mshona viatu na mhunzi wamewekwa wakfu sawasawa na askofu, kila mmoja katika kazi yake. Ni kweli alifundisha hivyo. Lakini miaka kumi baadaye alitoa hotuba ndefu akiwasihi wazazi wasiwatoe watoto shuleni kwa ajili ya biashara na ufundi. Kwa nini alilazimika kusihi? Kwa sababu monasteri zilikuwa zimefungwa, na mapato ya nafasi za kikanisa yalikuwa yamekauka, na wazazi wa Saksonia walikuwa wamehesabu. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilipungukiwa wanafunzi katika miaka ile ya 1520. Mzazi wa Wittenberg na mzazi wa Kinampanda walikwenda njia zilizopishana kwa akili ile ile. Hata baba yake Luther, Hans, mtu wa migodi ya shaba ya Mansfeld, alimtaka mwanawe awe mwanasheria, na alikasirika sana kijana alipoingia utawa mwaka 1505. Alikuwa amewekeza.

Kuna jambo jingine katika waraka wa Luther wa mwaka 1524 kwa wakuu wa miji, nalo halitajwi inavyostahili. Alipendekeza wavulana waende shule saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki wajifunze ufundi nyumbani au popote wanapotakiwa. Wasichana nao wapate saa yao. Na wale wenye vipawa vya pekee waachwe darasani zaidi, ili wawe waalimu na wahubiri. Kwake yeye kitabu na chombo cha kazi vilikaa katika siku moja ya mtoto mmoja. Ni sisi tulioviweka katika majengo mawili, tena yenye bajeti mbili.

Yoshua bin Sira (38:24 na kuendelea), ambaye Luther alimweka katika Biblia yake miongoni mwa vitabu vinavyofaa kusomwa, anawaeleza kwa upendo mkulima, mhunzi na mfinyanzi wakikesha juu ya kazi zao, na anakiri kwamba bila wao mji haukaliki. Kisha anasema kwamba hata hivyo hawaitwi barazani wala hawaketi penye kiti cha mwamuzi. Wafafanuzi hubishana kama anasifu hali hiyo au anaieleza tu. Tunaposoma kifungu hicho na wanafunzi wetu, mara nyingi tunawaomba wahesabu wajumbe wa halmashauri za sharika walikotoka: waalimu wangapi, watumishi wa serikali wangapi, waashi wangapi. Hesabu hiyo huchukua dakika chache.

Kanisa letu lililoungana tarehe 19 Juni 1963 lina vyuo, shule na hospitali, na lina orodha za mishahara. Katika orodha hizo kila shahada ina ngazi yake. Fundi anayetunza majenereta, pampu na paa za taasisi zetu kwa miaka ishirini huwekwa chini ya karani aliyeajiriwa mwaka jana, kwa kuwa ustadi wake hauna karatasi. Au haumo orodhani kabisa, huitwa kinapoharibika kitu. Chuo chetu nacho kina orodha kama hiyo, na sisi tunaoandika haya tumo katika ngazi zake za juu. Kabla ya kumwambia mzazi kwamba ufundi ni wito wa Mungu, lingekuwa jambo jema tumwonyeshe karatasi hiyo.

Wasomaji wetu wengi hupita mbele ya mawe ya msingi ya makanisa yetu. Jiwe hutaja tarehe, jina la askofu au la mgeni rasmi aliyeliweka, na pengine andiko. Aliyelichonga, aliyechanganya saruji, na aliyeinua kuta baada ya mgeni kuondoka hawamo. Katika baadhi ya sharika za Singida wazee bado wanawakumbuka kwa majina, na wanaweza kuonyesha ni ukuta upi ulijengwa na nani. Wazee hao si wengi, na hakuna aliyekwenda kuwaandika.